Vumbi la Machimboni na Protini Zinazoshona Majeraha ya Seli

Katika Samuye na vijiji vya jirani, si vigumu kumpata mwenye ndugu aliyekwenda kutafuta riziki kwenye maduara ya dhahabu, iwe Mwakitolyo hapahapa Shinyanga au kwenye machimbo ya Geita. Ndugu huyo anaporudi na kikohozi kisichokwisha, husemwa kwamba vumbi limemwingia. Usemi huo una ukweli mwingi, nayo sayansi ya miaka ya karibuni imeonesha vumbi linavunja nini hasa, na jinsi mwili unavyojitahidi kukijenga upya.

Mwamba wa dhahabu mara nyingi huwa na mawe ya kwatzi, ambayo yakitobolewa au kusagwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika (tusilichanganye na silika ya mtu, yaani hulka yake). Chembe zake ndogo kabisa hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa katika mapafu. Huko humezwa na seli za ulinzi, ambazo kazi yake ni kusafisha uchafu na vijidudu.

Ndani ya seli hizo mna oganeli ziitwazo laisosomu: vifuko vyenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha kilichomezwa. Aliyezipa jina hilo mwaka 1955 ni Christian de Duve, profesa wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven nchini Ubelgiji, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Alistaajabu kuona kimeng'enya kikifanya kazi hafifu katika sampuli mpya, kisha kikapata nguvu baada ya siku chache kwenye jokofu. Akang'amua kwamba kilikuwa kimefungiwa ndani ya utando.

Utando huo ndio unaotobolewa na silika. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalionesha kwamba ukitoboka, familia ya protini iitwayo ESCRT, iliyotambuliwa kwanza katika hamira, hufika upesi. Kalsiamu ivujayo tunduni huwa kama mbiu ya mgambo. Protini hizo hushikana moja baada ya nyingine zikawa uzi unaojizungusha, na inaaminika kwamba uzi huo huvuta kingo za jeraha zikutane. Kisha protini nyingine hutumia nishati ya seli kuufumua, ili vipande vyake vitumike tena. Familia hiyohiyo huziba matundu ya utando wa kiini unapojengwa upya seli inapogawanyika. Laisosomu iliyoharibika kupita kiasi humezwa na seli yenyewe, na nyingine huundwa.

Ingekuwa bakteria, kazi ingeishia hapo. Lakini jiwe haliyeyuki. Leo utando unashonwa, kesho chembe ileile inautoboa tena, hata vimeng'enya vinamwagika na seli inakufa. Silika iliyoachwa humezwa na seli nyingine, uvimbe huendelea, na hatimaye mapafu hujaa makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauambukizi wala hauna tiba ya kuyaondoa makovu, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Vipimo vya wachimbaji wadogo nchini Tanzania, vilivyochapishwa mwaka 2015, vilikuta silika katika hewa ya utobozi chini ya ardhi ikizidi kwa wastani zaidi ya mara 300 kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani. Hakuna protini iwezayo kushindana na mzigo huo kila siku. Kumwagia mwamba maji wakati wa kutoboa na kusaga hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Kitambaa kilichofungwa puani hupitisha chembe zile ndogo zenye madhara makubwa. Na kina mama wanaogonga mawe juu ya ardhi, pengine mtoto akiwa mgongoni, nao huvuta vumbi hilohilo.

Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya, na amweleze daktari wazi kwamba amefanya kazi duarani au kwenye karasha, na kwa miaka mingapi. Bila maelezo hayo, makovu ya silika katika picha ya eksirei huweza kudhaniwa kuwa ni kifua kikuu, na mgonjwa wa magonjwa yote mawili akatibiwa moja tu.