Kufungua mapambo yaliyofichwa katika michezo ya video

Kufungua mapambo yaliyofichwa ni kitendo cha mchezaji wa mchezo wa video kuhariri mafaili ya mchezo, hasa yale ya mipangilio, ili apate mwonekano ambao haumo katika menyu ya kawaida. Mapambo ni vitu vinavyobadili sura ya mchezo bila kubadili kanuni zake, kama vile mavazi na kofia za wahusika, rangi za silaha au magari, vivuli, ukungu na alama zinazoonekana kwenye skrini.

Kitendo hiki kinawezekana kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo huhifadhiwa katika kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Lakini kina mipaka, kwa kuwa katika michezo mingi ya mtandaoni orodha ya vitu anavyomiliki kila mchezaji huhifadhiwa katika seva za kampuni. Badiliko linalofanywa upande mmoja halibadili upande wa pili.

Mafaili ya mipangilio

Michezo mingi ya kompyuta husoma mipangilio yake kutoka faili la maandishi kila inapoanza. Jina la faili hilo mara nyingi huishia kwa .ini au .cfg, na faili lenyewe huweza kufunguliwa kwa programu ya kuandikia kama Notepad. Kila mstari huwa na jina la kigezo na thamani yake. Kwa kawaida 0 humaanisha "zima" na 1 humaanisha "washa". Menyu ya mchezo ni njia rahisi ya kubadili baadhi ya mistari hiyo, ila si kila kigezo kina nafasi yake kwenye menyu.

Mfano mzuri ni The Elder Scrolls V: Skyrim, mchezo uliotolewa na kampuni ya Bethesda mnamo Novemba 2011. Toleo lake la kompyuta lina mafaili mawili, Skyrim.ini na SkyrimPrefs.ini, yaliyomo katika folda ya My Games ndani ya folda ya Documents. Katika SkyrimPrefs.ini kuna kigezo kiitwacho bTreesReceiveShadows. Kikiwa 0, miti haionyeshi vivuli vinavyoiangukia. Kikigeuzwa kuwa 1, vivuli hivyo huonekana. Wachezaji wengi walikibadili kwa mkono.

Herufi ya kwanza ya kigezo katika mafaili hayo inaeleza aina ya thamani inayotakiwa: b ni ya kuwasha au kuzima, i ni namba kamili, f ni namba yenye desimali, na s ni maandishi. Anayeandika thamani ya aina nyingine huenda asipate alichotaka, au mchezo ukakataa kuwaka.

Sababu za kuficha

Watengenezaji huacha vitu vilivyofichwa kwa sababu mbalimbali:

- Uzito: chaguo fulani hupunguza kasi ya mchezo katika kompyuta za kawaida, hivyo halionyeshwi kwa wote.
- Kazi isiyokamilika: kitu kilianza kutengenezwa, kikaachwa. Kukizima ni rahisi na salama kuliko kukiondoa, kwani kuondoa sehemu moja kunaweza kuharibu nyingine zinazoitegemea.
- Biashara: kitu kimekamilika lakini kimepangwa kuuzwa baadaye.
- Mchezo wa pamoja: kompyuta ya kila mchezaji lazima iwe na picha za mavazi yote, hata asiyoyanunua, ili iweze kuwaonyesha wachezaji wengine waliyoyavaa.

Historia

Desturi hii ilienea katika michezo ya kompyuta ya miaka ya 1990. Quake, mchezo wa kampuni ya id Software uliotoka mwaka 1996, ulikuwa na dirisha la kuandikia amri pamoja na faili la config.cfg. Alama ya kulengea shabaha haikuwemo katika menyu, lakini mchezaji aliyeandika amri ya crosshair ikifuatwa na 1 aliipata katikati ya skrini. Amri ya r_drawviewmodel yenye thamani 0 iliondoa picha ya silaha mbele ya macho. Hapa kampuni haikupinga, kwani mchezo ulikusudiwa kuchezewa hivyo.

Mnamo Novemba 2007 ilitoka Crysis, kazi ya kampuni ya Crytek. Kiwango cha juu kabisa cha picha kilitolewa kwa wenye mfumo wa Windows Vista tu. Muda si mrefu wachezaji waligundua kwamba sehemu kubwa ya mwonekano huo ingeweza kuwashwa hata katika Windows XP kwa kubadili thamani katika mafaili ya mipangilio.

Tukio linalofanana na hilo liliihusu Watch Dogs ya kampuni ya Ubisoft. Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2012 ukiwa na mwanga na mvua vya kuvutia, lakini ulipotoka Mei 2014 wanunuzi wengi waliona umepungua. Mwezi uliofuata mchezaji mmoja alipata ndani ya mafaili mipangilio iliyozimwa, akaiwasha na kuusogeza mwonekano karibu na ule wa 2012. Ubisoft ilieleza kwamba mipangilio hiyo ya zamani ilizimwa kwa sababu ingeweza kuathiri uthabiti na kasi ya mchezo.

Si kila kilichofichwa ni pambo. Katika Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 kulikuwa na sehemu yenye maudhui ya ngono ambayo ilizimwa lakini haikufutwa. Mwaka 2005 Mholanzi Patrick Wildenborg alisambaza programu ndogo iliyoiwasha katika toleo la kompyuta. Julai mwaka huo bodi ya Marekani inayopanga michezo kwa umri, ESRB, iliupandisha mchezo hadi daraja la watu wazima pekee, na maduka makubwa yakauondoa. Tangu hapo watengenezaji walifahamu kwamba wanaweza kuwajibishwa hata kwa kitu ambacho mchezaji wa kawaida hakioni.

Mgogoro wa umiliki

Suala la mapambo lilipata uzito zaidi yalipoanza kuuzwa peke yake. Aprili 2006 Bethesda iliuza vazi la kivita la farasi wa mchezo wa Oblivion kwa takriban dola 2.50 za Marekani, na wachezaji wengi wakalalamika. Hata hivyo biashara hiyo ilikua, na leo kuna michezo mingi isiyotozwa kiingilio ambayo hupata mapato yake kutokana na mavazi na mapambo.

Mwaka 2012 ilijulikana kwamba diski ya Street Fighter X Tekken ya kampuni ya Capcom ilikuwa tayari na wahusika 12 waliofungwa, ambao mnunuzi alitakiwa kuwalipia baadaye. Capcom ilijitetea kwamba kuwaweka kwenye diski kungewezesha walionunua na wasionunua kucheza pamoja. Wanunuzi walihoji: aliyelipia diski amelipia nini, vyote vilivyomo au ruhusa ya kutumia baadhi tu? Kwa kawaida mikataba ya kampuni hujibu kwamba mnunuzi hupewa ruhusa ya matumizi, si umiliki wa programu.

Mipaka ya mtandaoni

Team Fortress 2 ya kampuni ya Valve, iliyoanza kutoa kofia mwaka 2009, inaonyesha mipaka ya kuhariri mafaili. Picha za kofia zimo katika kompyuta ya kila mchezaji, lakini orodha ya nani anamiliki kofia ipi imo katika seva za Valve. Mchezaji akibadili mafaili yake anaweza kujiona amevaa kofia asiyoinunua, lakini wenzake hawataiona. Aidha, msimamizi wa seva anaweza kutumia mpangilio wa sv_pure, ambao hulinganisha mafaili ya mchezaji na yale ya asili.

Ukaguzi huo una sababu. Badiliko linaloonekana kuwa pambo tu linaweza kuleta upendeleo. Anayeondoa ukungu au majani humwona adui aliyejificha, na anayempaka adui rangi kali humlenga kwa urahisi. Ndiyo maana kampuni nyingi hukataza kugusa mafaili katika michezo ya ushindani, na huweza kumfungia akaunti aliyekiuka, pamoja na vitu vyote alivyovinunua kwa fedha.

Sheria

Mahakama zimelishughulikia suala hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba Game Genie, kifaa kilichobadili kwa muda tu thamani za michezo ya Nintendo, hakikukiuka hakimiliki. Tarehe 17 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi kati ya Sony na Datel. Ilisema kwamba kubadili thamani zilizomo katika kumbukumbu ya mashine wakati mchezo unaendelea, bila kunakili msimbo wa programu, hakukiuki ulinzi wa hakimiliki wa programu za kompyuta chini ya sheria ya Umoja huo. Maamuzi hayo hayaondoi haki ya kampuni kumfungia mtu akaunti kwa kuvunja mkataba.

Tahadhari

Kabla ya kuhariri faili la mipangilio, ni vizuri kutengeneza nakala yake na kuiweka katika folda nyingine, kisha kubadili kigezo kimoja kwa wakati mmoja. Badiliko likiharibu mchezo, nakala hiyo hurudishwa mahali pake. Katika michezo mingi, faili la mipangilio likifutwa, mchezo huunda jipya lenye thamani za awali.

Hatari kubwa zaidi ipo katika programu zinazodai kufungua mavazi yote bure kwa kubonyeza mara moja. Walaghai hutumia ahadi hiyo kusambaza virusi au kuiba nywila, hasa kwa vijana. Faili la maandishi linaweza kusomwa mstari kwa mstari kabla ya kutumiwa, lakini programu iliyofungwa haionyeshi inachofanya. Pia, kwa kuwa orodha ya umiliki wa mavazi ya mtandaoni imo katika seva ya kampuni, hakuna programu ndani ya simu au kompyuta ya mchezaji inayoweza kuibadili kwa kuhariri mipangilio tu.