Mmisionari Anayengoja Wapagazi: Livingstone Kwihara, 1872

Kuanzia Februari hadi Agosti 1872, David Livingstone aliishi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, katika tembe: nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa la udongo lililobebwa na miti. Alikuwa ameingia Afrika mwaka 1841 akiwa ametumwa na Shirika la Misioni la London. Shirika hilo aliliacha mwaka 1857, lakini hakuacha kujihesabu mmisionari. Miezi hiyo ya Kwihara ilikuwa kituo chake kirefu cha mwisho, na kwa sehemu kubwa ilikuwa miezi ya kungoja.

Alifika tarehe 18 Februari pamoja na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyemkuta Ujiji mwishoni mwa 1871. Stanley alimwachia vitambaa, shanga, waya na dawa za kumtosha, kwa hesabu yake, miaka minne. Tarehe 14 Machi akaanza safari ya pwani, akiwa amekabidhiwa shajara ya mwenzake iliyotiwa lakiri, akaifikishe kwa Agnes, binti wa Livingstone. Walikubaliana kwamba akifika Unguja atatafuta watu waaminifu na kuwapeleka Kwihara. Bila hao Livingstone asingeweza kwenda popote. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na ndani yake ndimo zilimokuwa fedha za njiani, kwa kuwa chakula na ruhusa ya kupita vilinunuliwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga. Mali ya miaka minne bila mabega ya kuibeba haikuwa na faida.

Kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kama Wamormoni, leo hutumwa kwa miezi 24, na msichana kwa miezi 18. Kila mmoja anajua mwezi wa kurudi kwao tangu siku ya kwanza. Mmisionari wa njia ya misafara hakuwa na tarehe ya namna hiyo. Livingstone aliketi na kupiga hesabu: Stanley atafika pwani lini, watu watapatikana baada ya siku ngapi, watakwenda kwa mwendo gani. Akatarajia kuwaona mwezi Julai. Julai ikapita.

Tatizo halikuwa umbali peke yake. Tangu 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora na Kwihara, na mshirika wao, mtemi Mkasiwa. Njia ya Ujiji ilifungika, na katika shambulio la Mirambo juu ya Tabora aliuawa Khamis bin Abdullah, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa mji. Kwihara ilikuwa jirani kabisa na vita hivyo, na habari zilifika kwa vinywa vya wapita njia, leo za ushindi, kesho za kukanusha.

Siku za kawaida zilijaa kazi ndogondogo. Alinakili vipimo vyake vya nyota na mwezi ili vipelekwe kwa Thomas Maclear, mnajimu wa Rasi ya Tumaini Jema. Alishona hema na kutengeneza jibini kwa ajili ya safari. Humo humo alipata habari ya kifo cha Roderick Murchison, rafiki na mlezi wake katika Jumuiya ya Kijiografia ya London, na shajara yake inaonyesha jinsi pigo hilo lilivyomuuma. Jumapili ilikuwa ya ibada. Stanley, aliyeishi naye miezi minne, anaeleza kwamba aliwakusanya watu wake wachache, akawasomea sala na sura ya Biblia, kisha akawahutubia kwa Kiswahili.

Nyumba hiyo ilikuwa na watu, jambo linalosahaulika mno katika vitabu vya mashujaa. Walikuwamo watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma. Alikuwamo Halima, mpishi, ambaye siku moja aligombana na mwanamke mwenzake Ntaoeka akaondoka. Livingstone alikwenda kwa jirani yake, Sultan bin Ali, ili amwandikie barua ya kumrudisha, lakini Halima alirudi mwenyewe, akataka jambo moja tu: bwana atoke nje amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia. Alikuwa ameazimia kumkomboa na kumnunulia nyumba na shamba Unguja.

Azimio hilo linaonyesha ugumu wa hali yake. Majirani waliomtendea wema na kumpelekea barua zake walikuwa wenye watumwa. Naye, aliyekuwa ameshuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiua watu sokoni Nyangwe mwezi Julai 1871, aliandika dhidi ya biashara ya watumwa akiwa kwao. Maneno yaliyochongwa juu ya kaburi lake huko Westminster Abbey, ya kumwombea baraka yeyote atakayesaidia kuiponya dunia donda hilo, aliyaandika Unyanyembe tarehe 1 Mei 1872. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Hapo pia aliandika mawazo yake juu ya umisionari wenyewe. Alishauri Wazungu wawili waanze misioni bara bila kundi la wahudumu wa kigeni, wale chakula cha nchi, wapande ngano na mboga zao. Ni ushauri wa mtu aliyekwisha kuishi hivyo.

Watu wa Stanley, wasiopungua 50, walifika tarehe 14 Agosti, miongoni mwao Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Siku 11 baadaye msafara uliondoka kuelekea kusini, pamoja na ng'ombe wa maziwa ambao baadhi yao walipotea mapema njiani. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao waliufikisha mwili wake Kwihara. Walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akawashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Miaka michache baadaye misioni zilianzishwa kweli katika Unyamwezi: Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifika Tabora mwaka 1878, na Shirika la London likaweka kituo Urambo, kwa Mirambo, mwaka 1879. Wainwright alirudi bara, akafariki Urambo mwaka 1892. Tembe la Kwihara lilijengwa upya na sasa ni makumbusho.