Maana ya "Kuchoma" Chipu

Mafundi wakisema "kuchoma" chipu ya kumbukumbu, hakuna moto. Maana yake ni kuiandika kwa umeme kwa mashine ya kuprogramu. Tuchukue EPROM, aliyoibuni Dov Frohman wa Intel mwaka 1971. Ikiwa tupu, kila biti yake ni 1, si 0 kama wengi tunavyodhani. Kuandika hugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 1 lazima tufute chipu nzima kwa mionzi ya urujuanimno, kama dakika 20, kupitia kidirisha chake (taa hiyo huumiza macho, tusiitazame). Kabla ya kuandika tusome namba: 2764 ya Intel hutaka volti 21, ila 2764A volti 12.5, ikizidishiwa huungua. Mwisho ni kuhakiki, yaani mashine huisoma chipu upya na kuilinganisha na faili.