Kwa Nini Mtoto Mwenye Selimundu Huzaliwa Akiwa Mzima

Mama mwenye biashara ya vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anapompeleka mwanawe wa miezi minane Muhimbili, vidole vya mtoto vikiwa vimevimba, swali lake la kwanza pengine halihusu tiba. Mtoto alikuwa mzima tangu kuzaliwa. Ni nani basi aliyemtupia jicho?

Jibu limo katika protini ya damu iitwayo himoglobini. Tumboni mwa mama, himoglobini ya mtoto hujengwa kwa minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Baada ya kuzaliwa, mwili huiacha gama pole pole na kuanza kutumia beta, na kasoro ya selimundu imo katika beta: asidi amino ya sita, ambayo ingekuwa asidi glutamiki, imekuwa valini. Gama ndiyo iliyomkinga mtoto miezi ile ya mwanzo. Hakuna aliyemroga, wala mama si mkosaji: jeni hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi hawana dalili yoyote.

Gama na beta ni ndugu. Zilitokana na jeni moja ya kale iliyojinakili muda mrefu kabla ya binadamu kuwapo, kisha kila nakala ikabadilika kivyake. Wataalamu walipozilinganisha, asidi amino kwa asidi amino, waliona kwamba kati ya 146 zinazounda kila mnyororo, takriban 40 zinatofautiana. Mojawapo iko mahali pa 87, penye threonini katika beta na glutamini katika gama. Hapo ni jirani na kishimo ambamo valini ya molekuli nyingine hujipachika, hadi himoglobini ikafungamana kuwa nyuzi ngumu zinazoipinda chembe nyekundu. Glutamini huzuia upachikaji huo.

Basi ikatengenezwa beta yenye glutamini mahali pa 87, tofauti hiyo moja tu, ikiazimwa kwa nduguye. Jeni yake huingizwa katika seli za uboho za mgonjwa mwenyewe kwa kirusi kilichoondolewa uwezo wa kudhuru. Marekani iliidhinisha tiba hiyo, Lyfgenia, Desemba 2023. Bei yake hupita dola milioni 3, mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuua uboho wake, na hufuatiliwa kwa miaka mingi kwa hofu ya saratani ya damu. Kwa familia ya Kariakoo hiyo bado ni habari ya mbali.

Iliyo karibu ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, ambayo huuchochea mwili uanze tena kutengeneza gama. Haibadili jeni, na hutaka subira pamoja na kipimo cha damu mara kwa mara. Mhudumu anayemwanzishia mtoto dawa hii amweleze mama kwamba inarejesha kinga ile ile aliyozaliwa nayo mwanawe. Na homa ikipanda, mtoto afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Baba naye aitwe kupimwa.