MBIO NDEFU NA MOYO WA MFANYAKAZI

Kila mwaka, ufikapo wakati wa mbio ndefu za Kilimanjaro, mji wa Moshi hujaa watu wa kila namna. Wamo mabingwa waliokuja kutafuta ushindi. Lakini wamo pia makarani, walimu, madereva, wauguzi na mafundi, ambao hawatafuti kikombe bali afya. Jambo hili ni jema, nasi twalishangilia. Hata hivyo limo ndani yake swali linalostahili jibu la wazi: je, mbio hizi humjenga mfanyakazi, au humvunja?

Jibu la kwanza lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alishinda kutwa amekaa. Kondakta alishinda kutwa akipanda na kushuka ngazi za basi lile lile. Ikaonekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta, na vifo vya ghafla vilikuwa vingi zaidi kwa wale waliokaa. Matarishi wa posta, waliotembea kwa miguu na kwa baiskeli, nao walikuwa salama kuliko makarani waliokaa ofisini. Kwa hiyo kiti, ambacho wengi wetu tunakiona kuwa ni heshima, chaweza kuwa adui.

Sababu yake si muujiza. Moyo ni msuli, na kama ulivyo mkono wa mhunzi, hupata nguvu kwa kazi. Moyo wa mtu asiyezoea mazoezi waweza kupiga mara 70 au 80 kwa dakika hali ametulia. Wa mkimbiaji aliyezoea waweza kupiga mara 50 tu, kwa kuwa kila pigo lake husukuma damu nyingi zaidi. Misuli ya miguu nayo, ikifanya kazi, huchukua sukari kutoka katika damu. Ndiyo maana mbio husaidia kushusha presha na kumkinga mtu na kisukari, maradhi mawili ambayo leo yanawaondoa wafanyakazi wengi kazini kabla ya wakati wao.

Wako wasemao kwamba mbio humaliza magoti. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba ugonjwa wa kulika kwa viungo vya goti na nyonga ulionekana kwa watu 35 katika kila 1,000 wakimbiao kwa afya zao, na kwa watu 102 katika kila 1,000 wasiokimbia. Lakini kwa wale wakimbiao kwa mashindano makubwa walikuwa 133. Dawa ni ile ile. Kinachotofautiana ni kipimo.

Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu watege sikio. Kati ya mwaka 2000 na 2010, katika mbio za Marekani za kilometa 42 na za kilometa 21, walihesabiwa wakimbiaji kiasi cha milioni 10.9. Waliosimama moyo ghafla walikuwa 59, na 42 kati yao walifariki. Idadi hii ni ndogo sana, wala haifai kumtisha mtu. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba wengi wao walikuwa wanaume, kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika kilometa 42 kuliko 21, na kwamba mara nyingi sababu ilikuwa ugonjwa wa moyo uliokuwa umejificha tangu zamani. Mbio hazikuuleta; ziliufichua.

Hata maji yana kipimo. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na 13 katika kila 100 walikutwa chumvi ya damu imepungua kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wamekunywa maji mengi mno, hata wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Mkimbiaji na anywe kwa kiu yake, si kwa hofu.

Tutaambiwa: mbona John Stephen Akhwari hakusimama? Ni kweli. Mwaka 1968 katika mji wa Mexico, mahali palipo juu sana na penye hewa nyepesi, mwana huyu wa Mbulu alianguka, akaumia goti, akafungwa kitambaa, akaendelea hadi mwisho zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Heshima yake haitafutika. Lakini katika mbio zile zile alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa mwaka 1960 na 1964. Mguu wake ulikuwa umeumia, naye akajitoa njiani. Nani atathubutu kumwita mwoga? Akhwari alikuwa mwanariadha aliyezoeshwa, na jeraha lake lilikuwa la goti. Karani mwenye maumivu ya kifua hakimbii mbio za Akhwari. Na asimame upesi, amwite mganga.

Basi twashauri hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu dakika 75 hadi 150 kwa juma. Nusu saa, mara tatu kwa juma, yatosha kutimiza sharti hilo. Wala haihitaji kilometa 42. Anayeanza, na aanze kwa kutembea, kisha achanganye na mbio, akiongeza kidogo kidogo kwa miezi. Aliyepita miaka 40, au mwenye presha, au aliyefiwa na ndugu kwa maradhi ya moyo, na apimwe kwanza. Matawi ya wafanyakazi nayo yadai kwamba kipimo cha presha kiwepo kazini, kwa maana mkanda wa kupimia ni rahisi kuliko matanga.

Mwenda pole hajikwai. Tukimbie, ndugu zetu, tukimbie sana. Lakini tukimbie ili turudi nyumbani.