Sikio la Pili Kwenye Simu

Simu ya mkononi haiwezi kufanya kazi bila kujitambulisha. Kila inapowashwa hutafuta mnara, ikaonyesha utambulisho wa laini iliyomo na, ikiulizwa, namba ya kifaa chenyewe, ile ya tarakimu 15 inayotokea kwenye kioo mtu akibonyeza *#06#. Tangu hapo mtandao unajua laini hiyo iko upande gani wa mji, maana bila kujua hivyo usingeweza kumfikishia mwenyewe simu anayopigiwa. Mtu akitoka Mbagala kwenda Kariakoo, simu yake huhama mnara hadi mnara njia nzima hata kama imelala mfukoni. Ndivyo mtambo ulivyojengwa, na hapo hakuna aliyepelelezwa bado. Upelelezi huanza kumbukumbu hizo zinapowekwa, kisha mtu wa pembeni akapewa nafasi ya kuzisoma.

Kumbukumbu za simu hazibebi sauti. Hubeba namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliotumika. Wengi huzidharau kwa sababu hiyo, na wanakosea. Aliyepiga zahanati asubuhi, akampigia mama yake kwa saa nzima, halafu wakili, jioni akaita namba ya wakala wa bima ya maisha, ameshasema mengi bila neno lake moja kusikika. Tena orodha ya namba kompyuta huipanga kwa sekunde chache, wakati sauti inahitaji mtu au programu ya kuisikiliza na kuielewa lugha.

Ndiyo maana taarifa ya kwanza iliyotokana na nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, Juni 2013, ilihusu kumbukumbu. Gazeti la The Guardian lilichapisha amri ya mahakama ya siri ya Marekani iliyoitaka kampuni ya Verizon ikabidhi, kila siku, kumbukumbu za simu za wateja wake kwa Shirika la Usalama wa Taifa, NSA. Hawakuwa wateja wanaoshukiwa, walikuwa wote. Mwaka uliofuata nyaraka nyingine zilionyesha kuwa mpango ulioitwa MYSTIC ulikuwa ukikusanya kumbukumbu za simu za nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Kwa Wamarekani, mahakama ya rufaa iliamua Mei 2015 kwamba sheria haikuruhusu ukusanyaji wa jumla namna ile, na mwezi uliofuata Bunge lao likabadili sheria. Mkenya aliyepiga simu Nairobi hakuwa na mahakama ya kukimbilia kule.

Kusikiliza sauti yenyewe ni jambo jingine, na karibu kila nchi inaliruhusu kwa masharti. Marekani ilipitisha mwaka 1994 sheria inayozilazimisha kampuni za simu kujenga mitambo yao kwa namna ambayo polisi, wakiwa na kibali, wataweza kunasa mazungumzo. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2010, inayotaka kibali cha jaji. Hoja ya serikali si ya kupuuzwa: watekaji na wauza dawa za kulevya nao hutumia simu. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya mtambo wa kuunganishia simu, ambao huwekewa orodha ya namba. Namba iliyoorodheshwa ikipiga au kupigiwa, mtambo hutengeneza nakala ya sauti na kuituma kwenye laini nyingine. Wanaozungumza hawasikii mkwaruzo wala mwangwi. Wanaodhani simu iliyonaswa hukoroma wanakumbuka simu za waya.

Swali ni nani anaiandika orodha hiyo. Jibu la kutisha kuliko yote lilipatikana Ugiriki.

Katika miezi ya kuelekea michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004, watu wasiojulikana waliingiza programu ya siri katika mitambo ya Vodafone Ugiriki. Mitambo hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Ericsson, na ilikuwa na uwezo wa kunasa simu uliokuja pamoja na programu zake, ingawa Vodafone haikuwa imenunua sehemu ya kuusimamia na kuukagua. Kwa maneno mengine, sikio lilikuwamo lakini daftari la kuandika nani anasikiliza halikuwamo. Wavamizi hawakuhitaji kubuni njia ya kunasa simu, kwa sababu ilikuwa tayari. Waliiamsha tu, wakaiwekea orodha yao, wakaelekeza nakala za mazungumzo kwenye simu 14 za malipo ya kabla. Programu yao ilijificha kwa ustadi: fundi akiuamuru mtambo uonyeshe shughuli zinazoendelea, ilijiondoa kwenye majibu.

Simu zaidi ya 100 zilinaswa. Waziri Mkuu Kostas Karamanlis alikuwamo na mkewe, wakafuatia mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na sheria, meya wa Athens, wanaharakati na mfanyakazi wa ubalozi wa Marekani. Hali hiyo iliendelea kwa miezi. Haikufichuliwa na idara ya usalama wala mkaguzi. Januari 2005 wavamizi walijaribu kuifanyia marekebisho programu yao, wakakosea, na ujumbe mfupi kutoka mtandao mwingine ukaanza kukwama. Wateja walilalamika, Vodafone ikawaita Ericsson, na mafundi wao walipopekua wakakuta maelfu ya mistari ya programu ambayo hawakuiandika wao.

Kilichofuata kinasikitisha zaidi. Mkuu wa Vodafone Ugiriki aliamuru programu ile iondolewe mara moja, na kwa amri hiyo ikapotea nafasi ya kuzifuatilia zile simu 14 zikiwa bado zinapokea sauti. Siku moja baadaye mhandisi mkuu wa mipango ya mtandao alikutwa amekufa nyumbani kwake. Umma uliambiwa Februari 2006, karibu mwaka mzima tangu programu ipatikane. Vodafone ilitozwa faini ya euro milioni 76. Mwaka 2015 mahakama za Ugiriki zilitoa hati ya kumkamata Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi wa nchi yake mjini Athens, kuhusiana na unasaji huo.

Baada ya Athens ingetarajiwa dunia ishtuke. Haikushtuka. Mwishoni mwa 2024 maofisa wa Marekani walikiri kwamba wadukuzi wanaohusishwa na serikali ya China, waliopewa jina la Salt Typhoon, walikuwa wameingia katika mitandao ya kampuni kubwa za simu za nchi hiyo na kuifikia hata mifumo inayotumika kutekeleza vibali vya kunasa mawasiliano. China ilikanusha. Mifumo hiyo ya vibali ndiyo iliyoagizwa na sheria ya 1994. Kilichofuata kilikuwa kioja: vyombo vilevile vilivyolalamika kwa miaka mingi kwamba mazungumzo yaliyofumbwa yanawafunga mikono wapelelezi viliwashauri viongozi watumie programu zinazofumba mazungumzo.

Kufumba maana yake ni kuugeuza ujumbe ndani ya simu ya mtumaji kuwa mchanganyiko usiosomeka, mpaka ufike kwenye simu ya mpokeaji iliyo na ufunguo wake. Kampuni iliyo katikati hupitisha fumbo tu. Programu ya Signal hufanya hivyo, na WhatsApp ilikamilisha kazi hiyo kwa watumiaji wake wote Aprili 2016. Kinachosahaulika ni akiba. Mazungumzo ya WhatsApp yanayohifadhiwa Google Drive au iCloud hayafumbwi namna hiyo mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio na kuiwasha huduma hiyo, iliyokuja mwaka 2021. Na kumbukumbu za nani kaongea na nani, saa ngapi, hazifichwi na ufumbaji wa maneno.

Njia ya katikati ilipozibwa, wasikilizaji walihamia mwishoni, kwenye kifaa. Pegasus, programu ya kampuni ya NSO Group ya Israel, huingia ndani ya simu na kusoma ujumbe baada ya kufumbuliwa, kuwasha maikrofoni na kuchukua picha. Ilipojulikana mwaka 2016 kupitia watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, mlengwa alipaswa kubonyeza kiungo alichotumiwa. Baadaye haikuhitajika kubonyeza chochote. Mwaka 2019 ilitosha simu ya WhatsApp kuita, hata isipopokelewa, na vifaa vipatavyo 1,400 vililengwa hivyo. Mwishoni mwa 2021 iliripotiwa kuwa wafanyakazi kadhaa wa serikali ya Marekani wanaoshughulika na Uganda walidukuliwa kwa Pegasus. Simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, nayo ilikutwa na alama za Pegasus. Rwanda ilikana kuitumia. NSO husema inauzia serikali pekee, kwa ajili ya kupambana na uhalifu na ugaidi. Hata hivyo, chombo cha aina hiyo hutegemea kasoro za programu ambazo mtengenezaji hajazijua, na kasoro inayofichwa ili mmoja aitumie hubaki wazi katika mamilioni ya simu za watu wengine.

Serikali nyingine hujaribu kumbana mtengenezaji. Mwaka 2016 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliitaka Apple iandike programu ya kulegeza kufuli la iPhone ya mshambuliaji aliyeua watu mjini San Bernardino. Apple ilikataa, na FBI ikapata mtu mwingine wa kuifungua. Februari 2025 Apple iliondoa nchini Uingereza ulinzi wake wa juu kabisa wa mafaili yaliyohifadhiwa iCloud, baada ya kuripotiwa kuwa serikali iliagiza itengenezewe njia ya kuyafikia. Ni hoja ya Athens tena, safari hii ikiwa na barua rasmi.

Afrika Mashariki uzito umekuwa kwenye usajili. Tanzania ilitaka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na baada ya 20 Januari 2020 laini zilizosalia zikaanza kuzimwa. Usajili husaidia kumkamata tapeli, lakini pia huifanya kila kumbukumbu ya mnara iwe na jina kamili. Sheria za kuilinda hazina hiyo zilikuja nyuma ya ukusanyaji. Kenya ilipata sheria ya kulinda data Novemba 2019. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zina meno kiasi: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu serikali haikupima kwanza athari zake kwa faragha. Lakini sheria zote mbili zina mlango wa usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana.

Kwa mtu wa kawaida, hatari ya kila siku si NSO. Ni wakala asiye mwaminifu anayemhamishia tapeli namba ya mtu kwenye kadi nyingine, na saa hiyohiyo namba za uthibitisho za benki na za pesa za simu zinaanza kwenda kwa tapeli. Simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzake wanao. Hapo ni kuikimbilia kampuni ya simu, si kungoja kesho. Tanzania, kubonyeza *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na mara nyingine hutokea laini asiyoijua. WhatsApp huruhusu kuweka PIN ya hatua ya pili, ambayo haiji kwa ujumbe mfupi, hivyo tapeli mwenye laini peke yake hukwama.

Kitochi, ambacho wengi hukiona salama kwa sababu hakina intaneti, kina udhaifu wake. Katika teknolojia ya 2G simu hujithibitisha kwa mnara, lakini mnara haujithibitishi kwa simu, kwa hiyo mtambo bandia unaweza kujifanya mnara na kitochi kikauamini. Simu nyingi mpya za Android zina sehemu ya kuizima 2G. Simujanja nayo huhitaji masasisho, maana ndiyo yanayoziba kasoro ambazo Pegasus na wenzake huzipitia. Nyingi za bei nafuu huacha kuyapokea baada ya miaka michache, na hapo simu huendelea kufanya kazi vizuri tu huku milango yake ikiongezeka.

Udhaifu hauko kwenye simu tu: kamera za ulinzi na vifaa vya Wi-Fi vya nyumbani huja na nenosiri la kiwandani, mara nyingi neno lilelile kwa maelfu ya vifaa. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilipita intaneti nzima ikijaribu maneno kama sitini tu ya aina hiyo, ikateka mamia ya maelfu ya vifaa, na Oktoba 21 ikavitumia kuangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Fundi anayefunga kamera aghalabu huacha nenosiri kama lilivyokuja. Kulibadilisha hufanyika kwenye ukurasa wa mipangilio wa kifaa, kwa dakika chache, naye fundi anaweza kuombwa alibadilishe kabla hajalipwa.