Sungura Anayeugua Tumbo Kila Mara: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani

Si kila sungura anayefugwa katika kaunti yetu ni wa kuuzwa au kuchinjwa. Wengine ni wa watoto. Wamepewa majina, wanalishwa kwa mkono na wanazunguka uani kama jamaa wa nyumba. Ndiyo maana mmoja wao anapokataa chakula jioni na kupatikana amekufa asubuhi, kila mtu huuliza alikula nini siku hiyo. Mara nyingi jibu haliko kwenye chakula cha siku hiyo bali kwenye kile alichokuwa akila kwa miezi kadhaa.

Tumbo lisilopaswa kusimama

Sungura ameumbwa kula nyasi kidogo kidogo, mchana na usiku. Nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazousukuma utumbo wake. Zile ngumu hutoka upesi kama vidonge vya mviringo, vikavu. Sehemu laini ya chakula huingia katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako bakteria wenye manufaa huichachusha. Hapo hutokea kinyesi cha aina ya pili, laini na kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Sungura hukila moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku, ili apate protini na vitamini zilizomo. Huo si ugonjwa wala uchafu, na hapaswi kuzuiwa.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite utumbo mzima. Utumbo ukipunguza mwendo, chakula hukauka ndani na gesi hujaa. Maumivu humfanya akatae kula, na kwa kutokula utumbo huzidi kulegea. Mzunguko huu ndio unaoua.

Kwa nini tatizo hurudi

Sungura akiugua tumbo mara moja, huenda ni bahati mbaya. Akiugua mara tatu kwa mwaka, kuna chanzo ambacho hakijaondolewa. Vyanzo vya kawaida ni hivi:

Lishe. Mkate, biskuti, ugali na mahindi vina wanga mwingi na nyuzinyuzi chache. Karoti na ndizi zina sukari. Chakula cha vidonge kutoka dukani kikitolewa bila kipimo, sungura hushiba na kuacha nyasi.

Meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Asipotafuna nyasi za kutosha, ya nyuma huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Ukiona kidevu kimelowa mate, au anakiendea chakula kisha anakiacha, shuku meno.

Joto, hofu na kiu. Sungura hustahimili joto kwa shida, hasa linapozidi nyuzi 30. Mbwa anayebweka kando ya kizimba, au chombo cha maji kilichokauka, vyaweza kuanzisha tatizo.

Vimelea. Kwa wadogo walioachishwa kunyonya karibuni, kuhara mara nyingi husababishwa na koksidia, vimelea vinavyoenea kupitia kinyesi katika kizimba kichafu.

Usingoje kesho

Kila asubuhi angalia kinyesi kabla ya kukifagia. Vidonge vikiwa vidogo kuliko kawaida, vichache, au vimeunganishwa na manyoya, utumbo umeanza kulegea. Sungura akijikunyata pembeni, akisaga meno kwa sauti au tumbo likivimba, ana maumivu. Aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura. Sungura mdogo anayehara maji asisubiriwe hata hivyo.

Mweke mahali patulivu, mwekee maji na nyasi, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimlazimishe kula ikiwa tumbo limevimba na kuwa gumu, kwa maana huenda utumbo umeziba.

Tahadhari kubwa ni kuhusu dawa. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, sungura akinyweshwa, huua bakteria wazuri wa tumbo lake na zinaweza kumuua. Usimpe dawa iliyobaki ya mtoto, ya kuku au ya ng'ombe. Daktari ndiye anayejua kama mgonjwa anahitaji maji mwilini, dawa ya maumivu, kukatwa meno au tiba ya vimelea.

Utaratibu wa kila siku

• Nyasi kavu ziwepo saa zote, nazo ziwe sehemu kubwa kabisa ya chakula. Boma Rhodes inafaa, na robota moja humtosha sungura mmoja kwa wiki nyingi.
• Nyasi mbichi zilizolowa umande au mvua zianikwe zinyauke kwanza.
• Majani ya viazi vitamu yanafaa. Sukuma wiki na kabichi ziwe kidogo kwa sababu huleta gesi. Majani ya parachichi, nyanya na viazi vya kizungu asipewe kabisa.
• Chakula cha vidonge kisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzani wa sungura aliyekomaa.
• Maji safi yasikosekane. Sungura wa kilo 2 huweza kunywa kati ya mililita 100 na 200 kwa siku, na zaidi wakati wa joto.
• Chakula kipya kianzishwe polepole kwa siku 7 hadi 10.
• Kizimba kiwe kikavu, chenye kivuli, na kisafishwe kila siku.

Kwa sungura anayeugua mara kwa mara, weka daftari. Andika tarehe, alichokula, hali ya kinyesi na hali ya hewa. Daktari akilisoma ataona kinachojirudia, jambo ambalo ni vigumu kulitambua kwa kumpima mgonjwa mara moja.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Fika katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, ukiwa na sungura wako pamoja na kinyesi cha siku hiyo ndani ya chombo safi. Ukimwita mtaalamu wa kibinafsi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Usione haya kwamba mgonjwa ni sungura tu. Naye ni mfugo kama wengine.